Ulinganisho: joto na unyevu kwa chatu wa kifalme majira ya baridi (mkeka, taa ya kauri, halojeni, projekta, paneli)

Msafiri_MN, Minneapolis

Habari zenu wakuu. Naomba maoni ya wanaofuga chatu wa kifalme (Python regius) kwenye nchi za baridi.

Wangu ni jike, bado mdogo, ana gramu 300 hivi. Anakaa kwenye tanki la kioo la sentimita 90 kwa 45, kimo 40, mfuniko wa wavu. Kiangazi hakikuwa na shida, maana Julai hewa ya huku ina unyevu wa kutosha na taa moja ilimaliza kazi. Tangu hita ya nyumba ianze kufanya kazi, mambo yamebadilika. Chumba kina nyuzi 20 au 21, unyevu wa chumba hauvuki asilimia 25. Nikipuliza maji ndani ya tanki unapanda hadi 70, baada ya muda mfupi unarudi 30 na kuendelea kushuka. Juzi amejivua gamba likatoka vipandevipande badala ya kutoka zima.

Kwa sasa natumia taa ya kauri (hutoa joto bila mwanga) ya wati 100 juu ya wavu, imefungwa kwenye kidhibiti joto. Nimeuliza huku na kule nikapewa majibu matano: niweke mkeka wa joto chini ya tanki, nibaki na taa ya kauri, nihamie balbu ya halojeni, ninunue projekta ya joto (ile balbu nyeusi isiyotoa mwanga), au niachane kabisa na tanki la kioo nichukue kabati la PVC (plastiki ngumu) lenye paneli ya joto kwenye dari. Kwenye unyevu ni vilevile, mmoja anasema mashine ya ukungu, mwingine anasema matandazo mazito, yaani tabaka nene la kutandika sakafuni.

Naomba tulinganishe kwa chumba kama changu: kikavu, baridi kiasi, na tanki lenye wavu juu.

FundiUmeme_LE, Leicester

Salaam kaka. Mimi natumia makabati ya mbao, na miaka mingi nimetumia mikeka ya joto, kwa hiyo nitaanza na upande huo kwa sababu watu wengi siku hizi wanaudharau.

Faida za mkeka ni za kweli. Unakula umeme kidogo, wati 20 au 30 tu, na hauvuti hewa kupitia mfuniko, hivyo unyevu hauondoki haraka. Wafugaji wengi wa Uingereza wamewakuza chatu hawa kwenye droo zenye mkeka na wakazaa vizuri.

Lakini uwe na masharti mawili kichwani. La kwanza, mkeka haupashi hewa. Chumba kikiwa na nyuzi 20, hewa ya tanki itabaki 21 au 22 hata kama sakafu iko 32. Kwenye droo iliyofungwa, ndani ya chumba chenye joto, hilo si tatizo. Kwenye tanki la kioo lenye wavu Minneapolis, ni tatizo kubwa. La pili, mkeka hauwezi kufanya kazi chini ya matandazo mazito. Ukiweka sentimita nane, joto linanaswa chini: juu nyoka hapati kitu, chini kioo kinachemka, na akichimba kufuata joto anaungua tumbo. Nyoka hajui kujiondoa haraka kwenye sakafu inayomuunguza, atalala hapohapo.

Na tafadhali, mkeka bila kidhibiti usiwashe kabisa. Wenyewe unaweza kufika nyuzi 45 na zaidi.

Zainabu_HH, Hamburg

Kaka wa Leicester amesema jambo ambalo naona ndilo kiini cha uzi huu, kwamba ukichagua mkeka umeshajinyima matandazo mazito. Joto na unyevu ni uamuzi mmoja. Ukinunua kifaa cha joto leo kisha kesho ukaanza kuhangaika na unyevu, utakuwa unanunua kila mwezi.

Tuanze na hesabu, kwa sababu inaondoa ubishi mwingi. Hewa ya nyuzi 20 ikishiba kabisa hubeba takriban gramu 17 za mvuke kwa kila mita ya ujazo. Hewa ya nyuzi 32 hubeba karibu 34, yaani maradufu. Sasa chukua hewa ya chumba chako yenye asilimia 25, ipashe hadi 32 bila kuongeza hata tone: kipimo kitasoma 12 au 13. Hakuna taa iliyokula maji hapo. Maji ni yaleyale, nafasi ndiyo imeongezeka. Na ndiyo sababu nyumba yenyewe ni kavu: hewa ya nje ya baridi kali haina mvuke wa maana, ikiingia ndani ikapashwa inakuwa kame.

Kwa hiyo kauli kwamba taa ya kauri inakausha na nyingine hazikaushi ni nusu ya ukweli. Kifaa chochote kitakachofikisha hewa nyuzi 32 kitashusha unyevu kwa kiasi kilekile. Tofauti iko kwenye mambo mawili. Moja, taa ya kauri hupasha zaidi hewa iliyo karibu nayo, hewa hiyo inapanda na kutoka juu, nyingine kavu inaingia badala yake. Wavu wako wote umegeuka dohani. Mbili, halojeni na projekta hupeleka sehemu kubwa zaidi ya nguvu yake kama mionzi inayotua kwenye jiwe, kwenye gome na kwenye mgongo wa nyoka. Unapata sehemu ya kujipasha yenye nyuzi 33 au 34 bila kulazimika kuchemsha hewa yote.

Mionzi yenyewe pia si sawa. Halojeni hutoa kwa wingi infraredi (mionzi ya joto isiyoonekana) za aina A na B, ambazo huingia ndani zaidi ya mwili kama jua lifanyavyo. Projekta hutoa zaidi B na C. Taa ya kauri na paneli ni C karibu tupu, inayoishia kwenye ngozi. Nyoka wangu chini ya halojeni hukaa muda mfupi, anashiba joto, anaondoka. Chini ya taa ya kauri alikuwa akilala saa nyingi.

Ninachofanya: halojeni ya wati 50 mchana, projekta ya wati 80 usiku kwa sababu chumba changu hushuka hadi 18. Usiku sitaki mwanga wowote, hata ile balbu nyekundu inayouzwa kama taa ya usiku. Mwanga wake wanauona.

Msafiri_MN

Dada Zainabu, hii hesabu imenifungua macho. Swali moja: mbona kwao asili hawapati shida hii? Nimesoma kwamba wanatoka Ghana, Togo na Benin, na kule harmattan, upepo mkavu wa jangwani, ikipuliza midomo inapasuka.

Zainabu_HH

Swali zuri sana, na jibu lake ndilo linalofaa kuongoza tanki lako. Hawa ni nyoka wa savana, kutoka Senegali hadi Uganda, na huo upepo mkavu wa kuanzia Novemba hadi Machi wanaujua. Lakini hawakai nje. Wanakaa kwenye mashimo ya panya na kwenye vichuguu vya mchwa, na udongo wa shimo hubaki na unyevu hata uso wa ardhi ukikauka kabisa. Wanatoka usiku.

Kwa hiyo usihangaike kulowesha hewa ya tanki zima. Mpe shimo lenye unyevu. Hewa ya juu ikisoma 50 na ndani ya pango lake ikisoma 75, nyoka huyo yuko sawa kuliko aliye kwenye tanki lenye ukungu kila kona na matandazo yaliyolowa juu.

DktWanyama_TO, Toronto

Niruhusuni niingie hapa. Ni daktari wa wanyama, na nyoka ninaowapokea majira ya baridi wengi wana matatizo matatu: gamba lililobaki, maambukizi ya njia ya hewa, na kuungua.

Gamba lililobaki ndilo dogo kuliko yote. Msafiri, huyo wako mweke kwenye boksi la plastiki lenye matundu na taulo lililoloweshwa maji ya uvuguvugu, nyuzi 28 hivi, nusu saa, ukiwa karibu. Atajisugua mwenyewe. Angalia macho na ncha ya mkia. Ukiona ngozi ya jicho imebaki, usiibandue kwa kibano wala ukucha. Rekebisha unyevu usubiri gamba lijalo, na kama bado haijatoka mlete kwa daktari. Nimeona jicho lililoharibiwa na kibano, halirudi.

Maambukizi ya njia ya hewa ndiyo yanayonitisha. Watu hudhani yanaletwa na unyevu. Yanaletwa zaidi na baridi na unyevu vikikutana. Chatu kwenye nyuzi 30 na asilimia 75 hana shida. Chatu huyohuyo kwenye nyuzi 22 na asilimia 75, sakafu imelowa, kinga yake imeshuka na bakteria wamepata makazi. Kwa hiyo panga joto kwanza, likae imara siku kadhaa, ndipo uongeze maji. Dalili ni mapovu puani au mdomoni, mluzi anapopumua, kichwa kuinuliwa juu muda mrefu, mdomo wazi. Hapo usijaribu dawa ya nyumbani.

Kuhusu mashine ya ukungu: siikatazi, lakini sijaiona ikitumika vizuri mara nyingi. Tangi lake lisiposafishwa linakuwa kiota cha bakteria, na mashine inawarusha hewani moja kwa moja kuelekea kwenye mapafu. Tena inalowesha uso wa matandazo, mahali ambapo tumbo la nyoka linalala. Magamba ya tumbo yanapata madoa ya kahawia, kisha yanaoza.

FundiUmeme_LE

Nakubaliana na daktari. Niongeze upande wangu, vidhibiti, maana hapa ndipo pesa inapotea.

Mkeka unatosha na kidhibiti cha kawaida cha kuwasha na kuzima. Taa ya kauri na paneli zinataka kile cha mapigo, kinachotuma umeme kwa vipindi vifupi vifupi. Halojeni na projekta zinataka cha dima, kinachopunguza umeme polepole. Ukiifunga halojeni kwenye cha kuwasha na kuzima, nyoka anaishi kwenye disko na balbu inakufa mapema.

Sensa nayo iwekwe panapostahili. Kwa mkeka, ikae kati ya mkeka na kioo. Kwa taa ya juu, ikae usawa wa mgongo wa nyoka pale anapojipasha, ifungwe imara asiweze kuisogeza. Sensa ikitoka nje ya tanki itasoma baridi ya chumba na kidhibiti kitaamuru taa iwake kwa nguvu zote. Ndiyo maana nawasihi watu wachague wati ndogo inayotosha. Wati 150 kwenye tanki la sentimita 90 siku kidhibiti kikifa itamuua. Wati 75 au 80 itamchosha tu, na atakimbilia upande wa baridi.

Taa ya kauri ikae kwenye soketi ya kauri, kamwe isiwe ya plastiki. Uso wake hupita nyuzi 200. Ikiwa ndani ya kabati, iwekewe kizimba cha waya. Chatu hupanda usiku na kujizungusha kwenye kila kinachoning'inia.

PwaniKisauni, Mombasa

Assalaam alaykum. Mimi shida yangu ni kinyume na yenu, ila kuna jambo la makumbi, yaani maganda ya nje ya nazi, nataka kuwatahadharisha.

Kwanza kwa wasomaji wa nyumbani: Kenya huwezi kumuweka nyoka chumbani kwako hivihivi. Sheria ya wanyamapori ya 2013 inataka kibali cha KWS, shirika la wanyamapori la Kenya. Awe chatu wa pori wa hapa au wa kigeni, ulizia kabla ya lolote. Tanzania nako kuna sheria ya 2009. Mimi nafanya kazi kwenye kituo chenye vibali.

Hapa Mombasa hewa ina asilimia 70 na kitu karibu mwaka mzima, na joto la mchana ni 28 hadi 33. Hatununui joto, tunanunua upepo: matundu makubwa mbele na nyuma, vinginevyo kuvu inaota kwenye mbao ndani ya wiki. Mtu wa Nairobi asiige ya kwetu. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya bahari na usiku wa Julai unaweza kushuka hadi nyuzi 10 au 11. Huyo anahitaji taa kama nyinyi.

Sasa makumbi. Naona mnataka kutumia makumbi ya nazi kama matandazo, na ni kitu kizuri sana, yanashika maji bila kuoza upesi. Lakini makumbi ya pwani mengi yanaoza kwanza kwenye maji ya chumvi. Kule Unguja akina mama huyafukia ufukweni miezi mingi kabla ya kuyapiga na kusokota kamba. Yakikaushwa, chumvi bado imo. Hata tofali mnalouziwa huko Ulaya na Marekani huenda limetoka pwani ya India au Sri Lanka kwa njia kama hiyo. Loweka, kamua, mwaga maji, rudia mpaka maji yatoke yakiwa karibu meupe. Vipande vikubwa vya makumbi ni bora kuliko unga wake, maana unga ukikauka unageuka vumbi linaloingia puani mwa nyoka.

Msafiri_MN

Ahsante sana ndugu yangu, hilo la chumvi sikuwahi kulisikia popote.

Nimeamua kuanza na tanki hilihili kabla ya kufikiria kabati. Nimeshatoa taa ya kauri. Naomba mnisaidie mfuniko na namna ya kuweka maji. Na umeme ukikatika je? Huku dhoruba ya theluji inaweza kukata siku nzima.

Zainabu_HH

Mfuniko: funika karibu robo tatu ya wavu kwa mkanda wa foili, ule wa mafundi wa mabomba ya hewa, ukibandika upande wa juu, nje. Usibandike ndani hata kipande kidogo. Gundi ikigusa magamba utamchuna mtoto wa watu. Zunguka taa uache nafasi ya sentimita tano hivi. Taulo lenye maji juu ya mfuniko wanalopenda watu halifai, linaota kuvu na liko karibu na taa.

Matandazo: weka sentimita nane hadi kumi. Mimi huchanganya vipande vya makumbi na udongo wa bustani usio na mbolea, majani makavu juu. Maji usipulize. Mimina kwenye pembe nne polepole, anza na nusu lita kwa tanki lako, yashuke chini. Tabaka la chini liwe na maji, la juu likae kavu. Weka mkono: juu usilowe, ukichimba vidole viwili usikie ubaridi. Joto la taa litayapandisha maji hayo kama mvuke kidogo kidogo siku nzima.

Mapango mawili, moja upande wa joto na moja upande wa baridi, yenye mlango mmoja na ya kumbana mwili. Ukiwa na pango moja tu lenye unyevu, nyoka atalazimika kuchagua kati ya joto na usalama, na mara nyingi atachagua kujificha akabaki na baridi.

Bakuli la maji libaki upande wa baridi. Wengi huliweka chini ya taa ili litoe mvuke, nami nimelijaribu, lakini maji ya uvuguvugu huchafuka haraka na ndiyo anayokunywa.

FundiUmeme_LE

Hapo kwenye viwango natofautiana kidogo na dada. Asilimia 75 pangoni sawa, ila watu wakisikia 75 wanalifanya tanki zima liwe bwawa. Mimi hewa ya juu naiacha 55 hadi 60 na sijapata gamba bovu.

Zainabu_HH

Hatujatofautiana, kaka. Umepima juu, mimi nimepima shimoni.

FundiUmeme_LE

Basi tukumbushe na kipimo chenyewe. Vile vya duara vyenye mshale, vya kubandika kioo, havifai. Chukua cha dijiti chenye sensa ya waya, kisha kihakiki: weka chumvi ya mezani kwenye kifuniko cha chupa, iloweshe iwe uji mzito, ifungie pamoja na kipimo kwenye mfuko usiopitisha hewa, usiku kucha. Lazima kisome 75. Kikisoma 68 ujue kinapunguza saba. Na kipimajoto cha infraredi cha mkononi kwa ajili ya kupima uso wa jiwe, kwa kuwa hewa na uso ni vitu viwili tofauti.

Umeme ukikatika: mfungie tanki blanketi pande tatu na sehemu ya juu, acha upenyo wa hewa. Chupa za maji ya moto zifungwe taulo, zikae nje zikiegemea kioo. Usimlishe mpaka joto lirudi na kutulia, kwa sababu panya asiyesagwa ataoza tumboni. Chatu mwenye afya anavumilia saa kadhaa za nyuzi 20. Jiko la mkaa ndani ya nyumba ni hatari kwenu nyote, wewe na nyoka.

Gharama isikutishe. Projekta ya wati 80 ikifanya kazi nusu ya muda hula kama uniti moja kwa siku.

Msafiri_MN

Narudi na majibu wakuu. Halojeni ya wati 50 mchana, projekta ya 80 usiku kwenye dima, robo tatu ya wavu imefunikwa, makumbi niliyoyaosha mara kadhaa sentimita tisa. Jiwe chini ya taa linasoma 33, hewa upande wa joto 30, upande wa baridi 25, usiku hakushuki chini ya 23. Hewa ya juu 54. Ndani ya pango la upande wa joto 76. Namimina maji pembeni kila baada ya siku chache tu, chumba bado ni kikavu vilevile. Amejivua jana, gamba limetoka zima na vifuniko vya macho vyote viwili vimo.

Atakapokua nitahamia kabati la PVC la sentimita 120 kwa 60. Je, nibaki na vifaa hivi au hapo ndipo paneli inapofaa?

FundiUmeme_LE

Hongera kaka. Kwenye PVC paneli inafaa kwa usiku badala ya projekta: ni bapa, haina pa kujizungushia, na haiunguzi ikiguswa kwa bahati mbaya. Kwa ukubwa huo wati 80 inatosha. Halojeni ibaki kwa mchana, ndani ya kizimba. PVC inashika unyevu kuliko kioo, kwa hiyo mwezi wa kwanza punguza maji kwa nusu.

DktWanyama_TO

Na umhamishe akiwa amekula na ametulia, asiwe kwenye siku za macho ya buluu, yale yanayofifia kabla ya kujivua gamba. Likishapata joto, liache kabati tupu likiwa limewashwa wiki nzima kabla hajaingia, usome vipimo vya usiku pia.